Siku Land Cruiser ilipofika Luano

Anayetaka kujua watu wa Katanga wanaota gari gani, asimame alfajiri kando ya barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Likasi. Zitapita Hiace zilizoshiba abiria, yatapita malori ya shaba, kisha itapita pikapu nyeupe ya Land Cruiser yenye vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Nyuma yake umesimama mlingoti mrefu unaonesa, na juu ya mlingoti kibendera, ili dereva wa lori kubwa la mgodini aione asije akaipanda. Vijana waliokaa kwenye kingo za barabara hawajali Mercedes ikipita. Hii wanaigeukia. Wengine wameshaitambua kabla haijatokea kwenye kona, kwa mlio wake tu.

Mlio huo ni wa injini iitwayo 1HZ. Ni ya dizeli, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni lita 4.2, na haina turbo. Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na zaidi ya miaka thelathini baadaye bado ilikuwa ikiuzwa mpya katika Afrika. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, kiasi ambacho gari dogo la mjini siku hizi hukifikia bila jasho. Lakini pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa chuma na mafuta, bila kompyuta, na inavumilia mafuta ya kwenye madumu ambayo yangeiua injini ya kisasa kabla ya jua kuzama. Ikigoma, fundi mwenye spana na masikio mazuri anaweza kuirudisha barabarani.

Hapa kwetu gari haliotwi kwa mbio zake. Linaotwa kwa kufika. Mtu ana mama yake Mitwaba, ana shamba Kasenga, ana shemeji Pweto kwenye ziwa Mweru. Reli imechoka, treni ikiondoka leo hakuna anayethubutu kutaja siku itakayofika. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inageuza barabara za kaskazini kuwa mitaro, na lori lililonasa linaweza kukaa hapo hadi wenye shehena wajenge vibanda, wapike, wafue nguo. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayependa gari anapenda kwanza kitu kitakachompeleka na kumrudisha. Nimewasikia wageni wakisema kwamba mapenzi ya Wakongo kwa magari ni ya kujionyesha. Wapo wa namna hiyo, kama walivyo kila mji. Ila ninaowajua mimi, wale wanaolala wakiwaza gari na kuamka nalo, wanajua mambo ambayo yangestahili kufundishwa darasani, na ndiyo maana naandika habari ya mmoja wao.

Ni yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa. Alizaliwa Mitwaba, akasoma huko hadi darasa la sita. Misheni ilikuwa na Land Cruiser moja, na aliyeiendesha alikuwa mtawa, mwanamke mfupi aliyeweka mto mgongoni ili miguu ifike kwenye klachi. Yaya alikuwa akikimbia kuisukuma ikinasa, ikishanasuka anaruhusiwa kupanda nyuma hadi njia panda. Mama mkubwa alipopata uchungu wa mtoto wa nne na mambo yakaenda vibaya, ni gari hilo lililompeleka usiku kwa daktari, mvua ikinyesha. Walirudi wote wawili, mama na mtoto. Yaya hajawahi kunieleza kwamba mapenzi yake yalianzia pale. Alichonieleza ni jinsi mtawa alivyoshuka kwenye matope kufunga magurudumu ya mbele ili nguvu ya injini iyafikie, akizungusha kwa mkono vile vifuniko vya katikati ya gurudumu, sketi ameipandisha magotini, na jinsi gari lilivyotikisika mara moja likaanza kupanda.

Baadaye alikuja Lubumbashi, akasomea umeme, akapata kazi kwenye karakana ya mgodi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliteketezwa na wanamgambo wa Mai-Mai na operesheni za jeshi hadi watu wakaliita pembetatu ya kifo. Ndugu zetu wengi walikimbia kwa miguu. Yaya alikuwa akiulizia habari zao kwa madereva wa mashirika ya misaada, maana hao ndio waliokuwa wakifika, na kila aliyefika alikuwa amefika kwa gari la aina ileile.

Alikuwa na daftari la shule, lenye mistari, lililojaa vitu alivyovikusanya: namba za injini, vipimo vya nati, michoro ya difu. Humo ndimo nilimosoma kwamba Land Cruiser ilizaliwa kwa sababu ya vita vya Korea, wakati Japani ilipotakiwa kutengeneza magari ya kupita kila mahali. Julai 1951 dereva wa majaribio wa Toyota, Ichiro Taira, alilipandisha gari la kwanza la aina hiyo kwenye Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijawahi kufika, na polisi wa Japani wakaagiza magari 289. Jina lilikuja mwaka 1954. Mkurugenzi wa ufundi, Hanji Umehara, alitaka jina ambalo halitaonekana duni mbele ya Land Rover ya Waingereza, iliyokuwa imetangulia sokoni tangu mwaka 1948. Mwaka 1984 likaja toleo la 70, lenye uso bapa na bodi ya pembe pembe, na hilo ndilo lililobaki moyoni mwa yaya. Si pikapu ya mgodini. Yeye alitaka ile ya familia, milango minne ya abiria na miwili midogo ya nyuma inayofunguka kama kabati, injini 1HZ, gia za mkono. Kwa lugha ya kiwanda, HZJ76.

Alianza kuweka akiba. Wakamcheka kazini, wakamwambia kwa pesa hizo angejenga. Alijenga pia, taratibu, vyumba viwili kisha cha tatu, na akiba ya gari iliendelea kukaa pembeni, ikiguswa watoto wakiugua na kurudishiwa.

Mwaka 2011, mwezi wa Februari, alituma pesa Japani.

Inafaa kueleza kwa nini Japani, maana si kila mtu anajua gari la miaka kumi linatokaje huko likiwa na nguvu zote. Sheria ya Japani inalitaka gari la kawaida la abiria likaguliwe, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi ni mkali na una gharama, na gari likizeeka matengenezo ya kulipitisha yanazidi. Wengi wanaona heri waliuze. Magari hayo hupelekwa kwenye minada mikubwa ambako kila moja hupewa karatasi yenye alama na mchoro wa bodi, na kutoka hapo hupanda meli kwenda Dar es Salaam, Mombasa, Durban. Kwetu Katanga mlango mkubwa ni Dar. Meli ikitia nanga, gari la Kongo linawekewa namba za IT, yaani linapita tu, halibaki Tanzania, na dereva wa kukodiwa anashika usukani kwa safari ya karibu kilomita 2000: Morogoro, mbuga ya Mikumi, mlima Kitonga, Mbeya, Tunduma, kisha Zambia nzima kupitia Mpika na Kapiri Mposhi hadi Ndola, Chingola na mpaka wa Kasumbalesa.

Yaya alikuwa na picha za gari lake, alizichapisha kwenye karatasi. Rangi ya mchanga, mwaka 2001. Kisha ikaja tarehe 11 Machi, tetemeko la ardhi na tsunami, na sisi sote tukaona kwenye televisheni magari yakielea kama maboksi na kugongana na nyumba. Sitasahau alivyokaa mbele ya televisheni siku ile. Aliwahurumia wale watu kwa dhati, aliwasha mshumaa kanisani Jumapili, na hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza habari ya gari. Siku zikapita bila barua. Mtambo wa Fukushima ukaanza kuvuja mionzi, na wanunuzi wa nchi nyingi wakadai magari yapimwe kabla ya kupakiwa. Ujumbe ulipofika hatimaye ulikuwa mfupi: gari lipo salama, lilikuwa mbali na pwani ile, litapimwa, litasafiri.

Ya baharini na ya bandarini nayaruka, kwa sababu yaya mwenyewe aliyaruka. Alikuwa kazini, akingoja simu. Ninachoweza kusema ni kwamba kungoja kulimkondesha. Alipoteza hamu ya chakula. Kila lori la kubeba magari lililopita alilihesabu kutoka mbele hadi nyuma. Mji wenyewe ulikuwa na furaha zake: Desemba iliyotangulia, timu yetu ya Mazembe ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na ingawa Inter Milan iliwafunga mabao 3-0, Lubumbashi ilikuwa bado inatembea kifua mbele. Yaya hakuwa na masikio ya mpira mwaka ule.

Luano wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege. Sisi tunaijua pia kwa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, la baba mdogo, lenye ukuta mrefu na geti la chuma, na ndiko ilikokubaliwa gari lipelekwe, maana nyumbani kwa yaya geti lilikuwa bado halijafungwa. Dereva alivuka Kasumbalesa mchana, akamaliza karatasi jioni, akaingia Luano usiku. Alipiga simu. Yaya akamwambia alale, apewe chakula, na mtu yeyote asiwashe injini mpaka yeye afike.

Hilo la kutowasha injini lilinishangaza, mimi nilidhani angekimbia usiku uleule. "Mdogo wangu," aliniambia, "injini ikiwa ya moto inakudanganya. Nataka kuisikia ikiamka."

Tulifika alfajiri. Julai kwetu ni baridi. Lubumbashi imekaa mita zipatazo 1200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kiangazi mtu anatoa moshi mdomoni. Baba mdogo alitufungulia geti akiwa amejifunga blanketi. Gari lilikuwa chini ya mwembe, limelowa umande, mavumbi ya nchi tatu yamegeuka tope jembamba kwenye boneti. Nilimtazama yaya badala ya kulitazama gari. Hakulikimbilia. Alisimama hatua chache kabla ya kulifikia, akavua kofia, akalizunguka lote polepole bila kuligusa, na alipomaliza mzunguko alikuwa na machozi, akayafuta kwa mkono wazi mbele yetu wala hakujificha.

Kisha akaanza kazi. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kulia, akafuta fremu kwa kitambaa hadi namba zikaonekana, akazisoma kwa sauti moja moja huku mimi nikizifuata kwenye karatasi. Zilikuwa zenyewe. Akalala chali chini ya gari na tochi. Kaskazini mwa Japani na milimani kuna theluji, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma kuanzia chini ambako picha za mnada hazifiki. Nilimsikia akigonga fremu kwa mpini wa bisibisi, tok, tok, tok, akisogea kuelekea nyuma. Karibu na vishikizo vya springi za nyuma sauti ilibadilika kidogo. Akagonga tena, akakwangua. "Ipo," akasema kutoka chini. "Lakini ni ya juu juu. Haijaingia ndani." Nilikuwa nimebana pumzi bila kujua.

Alipofungua boneti alinionyesha kitu ambacho nisingekiona maisha yangu yote. Kwenye kifuniko cha mbele cha injini kilibandikwa kikaratasi chenye maandishi ya Kijapani na namba zilizoandikwa kwa kalamu. Mafundi wa Japani hubandika kikaratasi cha namna hiyo wakibadilisha mkanda wa taimingi, yaani ule unaoendesha vali, ambao ukikatika injini inajivunja yenyewe. Tarehe ilianza na 20. Mimi nikasoma 2020, nikacheka, nikasema wamekosea. Yaya akatikisa kichwa. Wajapani wakati ule walihesabu miaka ya utawala wa mfalme wao, enzi ya Heisei, iliyoanza mwaka 1989. Unachukua namba yao, unaongeza 1988. Mwaka wa 20 ni 2008. Kilomita zilizoandikwa zilikuwa pungufu kidogo ya zile za kwenye dashibodi, kwa kiasi ambacho familia inaweza kutembea katika miaka mitatu. Kwa hesabu hiyo moja alijua mambo mawili: mkanda ulikuwa na umri mdogo, na hakuna aliyezirudisha nyuma kilomita. Alijifunza hayo wapi? Kwenye daftari lilelile, miaka kabla hajamiliki hata tairi.

Jeki haikuwepo, wala redio; mahali pa redio palining'inia nyaya. Hivyo ndivyo magari mengi ya safari ndefu yanavyofika, na dereva alisema alilipokea likiwa hivyo. Yaya hakubishana naye. Alimshukuru kwa kulileta likiwa zima, akampa cha njiani, akamwombea safari njema.

Ndipo akaketi kwenye usukani. Alizungusha ufunguo nusu, na ghafla sauti ya mwanamke ikasema sentensi nzima ya Kijapani, kwa adabu sana, kutoka chini ya dashibodi. Baba mdogo aliruka. Ni kile kidude cha kulipia barabara kuu za Japani, kinachodai kadi kila gari linapowashwa, na wenye magari ya Japani kote Afrika Mashariki wanamjua huyo mama. Yaya alimwitikia, "Ndiyo, mama," akangoja. Taa ndogo ya njano ya koili ilikuwa inawaka, ishara kwamba plagi zinapasha moto vyumba vya dizeli. Ilipozima hakuharakisha. Akahesabu kimoyomoyo, akamalizia ufunguo.

Iliamka mara moja. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, usio sawa, na moshi mweupe ukatoka nyuma ukasambaa chini ya mwembe. Yaya aliinua kidole, tusiseme kitu. Silinda sita zilikuwa zinatafutana. Kisha zikapatana, mlio ukalainika, moshi ukapungua, ukaisha. Alifumba macho na kusikiliza kwa muda mrefu. Najua alichokuwa anasikiliza kwa sababu alinieleza baadaye: kama kuna injekta inayogonga, kama beringi za chini zinalia, kama mkanda wa alternata unateleza. Lakini sidhani ni hayo peke yake. Ule ulikuwa mlio wa barabara ya Mitwaba na mtawa aliyeegemea mto.

Kwenye kioo cha ndani ilining'inia hirizi ndogo ya kitambaa chekundu yenye uzi wa dhahabu, ya zile ambazo mahekalu ya Japani huwauzia madereva wapate usalama barabarani. Mke wa yaya, mama wa maombi, alipoiona baadaye alitaka itupwe siku hiyohiyo. Yaya alimwambia kwamba huko lilikotoka gari kuna mtu aliyemtakia mwenzake asife njiani, na yeye hawezi kulitupa jambo hilo jalalani. Iliondolewa kiooni, ikawekwa kwenye bahasha pamoja na karatasi za gari. Naona wote wawili walikuwa na haki.

Tulitoka Luano kuelekea mjini jua likichomoza, na hapo ndipo linapokuja jambo ambalo sikulipenda na bado silipendi. Usukani uko kulia. Tanzania na Zambia wanapita kushoto, kwa hiyo gari la Japani kule liko nyumbani. Likivuka Kasumbalesa tu linaingia nchi inayopita kulia, na dereva anakaa upande wa mtaro. Hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita. Nilikaa kiti cha kushoto, ambacho kwa haki ndicho kingekuwa cha dereva, nikawa macho yake: "Ngoja. Ngoja. Kuna basi. Sasa, pita!" Maelfu ya watu wa Katanga wanaendesha hivyo kila siku, mke akiwa macho ya mume, kondakta akiwa macho ya shofa, na aliye peke yake anategemea Mungu. Watu wanakufa. Serikali imetangaza zaidi ya mara moja kuyapiga marufuku magari ya usukani wa kulia, na sababu yake ni ya kweli. Lakini marufuku inayoandikwa Kinshasa, mji unaopata mizigo yake kupitia bandari za upande wa Atlantiki, inasahau kwamba milango yetu inatazama mashariki na kusini, kwa majirani wanaopita kushoto, na kwamba gari jipya la usukani wa kushoto linanunuliwa na makampuni. Mwalimu hawezi. Kabla ya kumnyang'anya mwalimu gari lake, aelezwe atapata wapi jingine. Gereji za mjini zinahamisha usukani, ndiyo, na nyingine zinaunganisha chuma kwa chuma kwa kulehemu mahali ambapo maisha ya watu sita yanashikiliwa. Yaya alikataa kabisa. Toyota hutengeneza toleo la 70 kwa pande zote mbili, kwa hiyo vifaa kamili vya upande wa kushoto vipo. Alisema atavinunua vyote vya kiwandani, sanduku la usukani na dashibodi nzima, au ataacha. Alivipata baada ya miaka, kutoka kwenye gari la shirika lililopinduka.

Njiani tulipishana na malori ya shaba yakielekea mpakani. Yaya aliyatazama kwa namna yake. Yeye ni mtu wa umeme, shaba ameishika maisha yake yote, na anajua kwamba gari la kawaida lina takriban kilo 20 za shaba ndani yake, kwenye nyaya, stata, alternata, na kwamba gari la umeme linahitaji mara kadhaa ya hizo, pamoja na kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu. Mabamba ya shaba yanatoka kwa barabara ileile inayoleta magari yaliyochoka. "Huenda humu ndani mna shaba ya Likasi," alisema akigonga dashibodi. "Imezunguka dunia, imerudi." Alisema kwa furaha. Mimi ilinichoma. Watu waliokaa juu ya shaba hiyo wanapaswa kusubiri gari wengine walichoke kwanza, na kulisubiri nusu ya maisha, na sioni kwa nini tuizoee hali hiyo.

Agosti tulikwenda Mitwaba kabla ya mvua. Sitaisimulia safari; tulifika. Mama mkubwa alipanda mbele, akakataa kushuka mpaka azungushwe kijiji kizima.

Gari bado lipo. Mkanda wa taimingi umebadilishwa mara nyingine, na yaya alibandika kikaratasi chake juu, kwa Kiswahili, tarehe na kilomita, jina la aliyefanya kazi. Kutu aliikwangua akaipaka dawa na rangi. Watu wa migodi wamemfuata na dola mkononi, hauzi. Jumamosi vijana wanakuja kwake na magari yao mabovu, na yeye anawaambia kwanza wazime redio.

Siku hizi anayengoja ni mpwa wetu, binti anayesoma jiolojia Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Anataka Suzuki Jimny, ndogo, nyepesi, yenye fremu ya kweli chini yake, ya kumfikisha kwenye mawe yake bila kumwomba mtu lifti. Juzi walikaa wawili mbele ya kompyuta, yeye na mjomba wake, wakisoma karatasi ya mnada. Yaya alimfundisha herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde la kugongwa, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, na daraja la R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Binti alikuwa ameshalipenda gari, la kijani, picha zake zilikuwa nzuri mno. Yaya alisogeza kidole chini ya mchoro, kwenye kona ya nyuma, akakiacha hapo.

"Unaona nini?"

"S. Na C mbili."

"Basi?"

Binti alinyamaza kidogo, akafunga ukurasa. "Tokyo wana mnada tena Alhamisi," akasema, akaanza kutafuta lingine.